Nilivyolinda Nyumba Isiyofungwa

Safari ile niliipata mimi, kwa kuponi. Nalisema hili mapema kwa sababu mume wangu hupenda kusimulia kana kwamba tulishinda wote wawili, na hiyo si kweli. Yeye alikuwa akinicheka. Kila Jumamosi tukienda kununua vitu pale Randburg, mimi nilisimama kwenye sanduku la mashindano karibu na mlango wa duka nikajaza karatasi zangu, naye akasimama kando, toroli mkononi, akitazama dari kama mtu asiyenijua. Nilijaza kwa miaka. Nilishawahi kushinda pasi na mwavuli. Halafu, katika mwaka wetu wa kumi wa kuishi Johannesburg, simu ikalia nikiwa kazini Fordsburg, pini zimenijaa mdomoni, na msichana mwenye sauti laini akaniambia nimeshinda safari ya watu wawili kwa meli ya kitalii, siku nane, kwenye bahari ya kaskazini kabisa ya Ulaya.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikazitema pini zote mezani.

Nilikuwa nikishona na mama mmoja wa Kikongo, mtu wa Bukavu, katika chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Alipiga magoti palepale akamshukuru Mungu kwa niaba yangu, maana aliona mimi nimechelewa kufanya hivyo. Alipoinuka akaanza kunitisha.

"Mama, kule baridi inakataka masikio," alisema. "Beba koti ya mzee, beba na ya watoto, uvae zote."

Jioni nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa jikoni anakata vitunguu. Nikamsomea orodha ya miji ambayo meli ingesimama. Niliyasoma majina kwa kuyavunjavunja, kwani yana herufi zilizopigwa mistari na nyingine zimevikwa vikofia. Nilipofika jina la tano aliacha kukata. Akaja akasimama nyuma yangu, akaweka kidole juu ya jina lile, na hakukiondoa. Karatasi ile ilinuka kitunguu mpaka siku ya safari.

Nikajua ni mji gani.

Mume wangu ni mtu wa hapa, mzaliwa wa Johannesburg. Mimi nilimpata Morogoro, kwetu, wakati watu wa Afrika Kusini walipokuwa ukimbizini na wana kambi yao nje ya mji. Yeye alifundisha ufundi wa mashine, mimi nilishona sare za watoto wao. Tukaoana, tukazaa wawili, na nchi yao ilipofunguka alirudi nasi nyumbani. Watoto wetu wanaelewa Kiswahili chote, hata nikisema jambo kwa chini, lakini hujibu kwa Kiingereza. Hayo yote ni ya baadaye. Kabla ya Morogoro chama chao cha ukombozi kilikuwa kimempeleka Norwei, kwenye mji mdogo wa bandari huko juu kaskazini, akasomee injini za meli. Kijana wa Johannesburg, ambaye hakuwahi kuiona bahari. Nani aliyempangia jambo hilo mpaka leo sijui.

Huko alipewa chumba cha juu katika nyumba ya mjane mmoja. Mama wa miaka hamsini na kitu, ndivyo alivyonisimulia, mrefu kumzidi yeye kwa kichwa kizima, nywele rangi ya mahindi makavu. Mama huyo alimpa koti la marehemu mumewe. Alimfundisha lugha yao kwa kumnyima chakula mpaka ataje kila kitu kilichokuwa mezani, chumvi, uma, bakuli, samaki. Akakaa naye majira mawili ya baridi. Kisha ujumbe ukaja kutoka kwa chama kwamba kuna watu wameanza kuulizia wanafunzi, aondoke kesho asubuhi, na asimuage mtu yeyote. Alikuwa kijana mtiifu. Kulipokucha, ikiwa kule kunakucha na giza lake maana wakati wa baridi jua halichomozi kabisa, alishuka ngazi kwa kunyata, viatu mkononi, akatoka. Koti aliliacha limetundikwa, asije akaonekana mwizi.

Hakumwandikia tena. Mwanzoni alikatazwa. Tulipokuja Johannesburg hapakuwa na wa kumkataza, lakini aibu ilikuwa imeshakua, na kila mwaka aliokaa kimya uliufanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Mimi nikimuuliza aliniambia amepoteza anwani. Basi tulipokuwa tunajaza fomu za viza paliulizwa kama tunamfahamu mtu yeyote nchini humo. Akaandika jina, namba ya nyumba, namba ya posta, moja kwa moja bila kuinua kalamu. Nilimtazama. Yeye aliitazama kalamu.

Nilimshauri atangulize barua. Akakataa. Alisema barua isipojibiwa atashindwa kwenda, na ikijibiwa vibaya vilevile atashindwa. Alitaka jambo moja tu kutoka kwenye safari yangu: amuage yule mama kama mtu anavyoagwa, akiwa bado yu hai. Meli ingesimama pale kuanzia saa nne asubuhi, na abiria wote walitakiwa wawe wamerudi saa tisa na robo alasiri. Hapo ndipo ushindi wangu ulipobadilika ukawa kitu kingine, nami nikakubali, ingawa nilinung'unika kidogo kwa sababu ndiyo tabia yangu.

Kwenye meli tuliishi vizuri, sitadanganya. Abiria wengi walikuwa wastaafu wenye magoti mabovu, na chakula kilikuwa hakikomi. Mimi nilikula. Mume wangu alikaa kwenye sitaha, mdomo ukimchezacheza, akikumbuka maneno ya lugha ile moja moja. Nikipita nikamuuliza uma unaitwaje, anajibu. Nikimuuliza samahani inaitwaje, anageuka kutazama maji.

Siku ya mji wenyewe abiria wengine walipanda mabasi kwenda kutazama barafu mlimani. Sisi tulishuka kwa miguu. Mkononi nilikuwa na kitambaa cha meza nilichokishona mwenyewe Fordsburg, nimekitarizi pembeni kwa wiki mbili, maana siendi kwa mtu mikono mitupu hata kama mtu mwenyewe sijui kama yupo.

Mji ule ulinipendeza tangu gatini. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba nyumba ya mwisho uliiona ukiwa umesimama mbele ya nyumba ya kwanza. Nyumba zote za mbao, nyekundu, njano, nyeupe, zimepangwa kati ya maji na mlima. Taa za barabarani, zile tunazoziita robot, hazikuwapo hata moja, na magari machache yaliyopita yalitusimamia kabla hatujaamua kama tunavuka. Kando ya maji kulikuwa na majukwaa ya miti yaliyotundikwa samaki wakavu, maelfu, wawili wawili wamefungwa mikia. Harufu yake niliitambua mara moja. Ilikuwa ya ng'onda wa sokoni kwetu, nikajisikia nyumbani kwa pua kabla ya macho. Ndege weupe wakubwa walizunguka juu yetu, na mmoja alinipokonya andazi mkononi bila haya yoyote.

Mume wangu alikuwa amebadilika. Mtu ambaye nyumbani hubaki nyuma nami nikamngoja, hapa alikuwa mbele. Aliniambia pale penye duka la mishumaa palikuwa ghala la nyavu, na ile hoteli ndiyo iliyokuwa shule yao. Mzee mmoja alikuwa akipaka rangi boti lililopinduliwa. Wakasalimiana kwa lugha yao, na mume wangu akaniangalia kama mtoto aliyefaulu mtihani. Muda ulikuwepo wa kutosha. Nilimsihi tuzunguke kwanza, tunywe kitu, apate utulivu, naye akakubali kwa sababu aliogopa. Tukazunguka. Tukaingia kanisani, tukatoka. Tukatazama soksi za sufu ambazo bei yake ilinichekesha. Saa sita ikatupita tukiwa tumekaa kwenye benchi tunatazama maji, na kusema kweli nilifurahi sana.

Matatizo yalianza na kigari cha mtoto.

Kilikuwa nje ya mgahawa, barabarani kabisa, na ndani yake mtoto mchanga amelala, kofia ya sufu, mashavu mekundu. Mtu hayupo. Nilisimama. Mume wangu akanieleza kwamba hiyo ni desturi yao, watoto hulazwa nje wapate hewa, mama yuko ndani anakunywa kahawa. Nilimsikia vizuri. Lakini inabidi mtu ajue ninakotoka. Kwetu pale Randburg tunaishi katika uwanja mmoja nyumba kumi na mbili, na baada ya jirani mmoja kusombewa kila kitu mchana kweupe tulifanya mkutano tukawekeana sheria: ukikuta lango la mwenzako liko wazi na mwenyewe hayupo, hupiti. Unasimama hapo mpaka mwenyewe apatikane. Mimi niliwahi kusimama kwenye gereji ya mtu saa nzima, mkate wangu ukiungua. Ukipita halafu aibiwe, wewe ndiye uliyeiba, ndivyo tunavyohesabiana. Basi nikakilinda kigari kile. Mume wangu alitembea huku na huku. Baada ya dakika ishirini mama mtoto akatoka, msichana mdogo tu, akatabasamu akasukuma kigari chake bila kujua nimemfanyia nini.

Tukapanda mlima kwenda nyumbani kwa yule mama. Zilikuwa ngazi za mawe, mume wangu akizihesabu kwa sauti, na zilipofika kumi na moja akasimama. Nyumba alinisimulia ni ya kijani, hii ilikuwa nyeupe. Lakini ngazi ni zilezile, akasema, na dirisha lile dogo la juu lilikuwa lake. Alijifuta viganja kwenye suruali akagonga.

Hakuna aliyeitikia. Akagonga tena, nami nikapiga hodi ya kwetu, ile ya kusikika mpaka uani. Kimya. Ndipo nilipoona ufunguo umening'inia kwenye tundu, nje, na mlango wenyewe umerudishwa tu. Nikausukuma kwa kidole ukafunguka. Ndani palionekana viatu vimepangwa, saa ya ukutani, na mkoba wa kike juu ya kiti. Mkoba, jamani, na mdomo wake wazi.

Saa ya mkononi ya mume wangu ilionyesha saa saba na nusu. Mume wangu alisema twende tukamtafute, mji ni mdogo. Mimi nikasema siondoki. Akauliza siondoki kwa nini. Nikamwambia nyumba iko wazi, mkoba uko wazi, ufunguo uko nje, na watu wote wa mtaa huu wamemwona Mwafrika mwanamume na Mwafrika mwanamke wamesimama hapa wakifungua mlango kwa kidole. Kikipotea kijiko kimoja leo, kitakuwa kimepotea kwetu.

"Eish, mama," alisema, "hii si Jo'burg."

Nikamjibu kwamba mimi ni wa Jo'burg popote nilipo, na ni yeye aliyenihamishia huko. Tukatupiana maneno pale mlangoni kwa sauti za chini, kama watu wanaogombana msibani. Mwishoni akaondoka peke yake, akishuka ngazi mbili mbili. Sikumuuliza anaelekea wapi. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na hasira ndiyo iliyonifanya nisiulize.

Nikafunga mlango, nikaketi juu ya ngazi ya mwisho, kifurushi changu mapajani, mgongo kwenye mbao. Jua lilikuwa la upole. Ningeweza kuwa na raha.

Baada ya nusu saa hivi akaja bibi mmoja kutoka upande wa maji. Mfupi, mgongo umepinda, nywele nyeupe zimekatwa kama za mwanamume, fimbo mkono mmoja na mfuko wa samaki mkono wa pili. Akapanda zile ngazi polepole, akanisalimia kwa kichwa, na akanyoosha mkono kuushika mlango.

Nikasimama mbele yake.

Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba mwenye nyumba hayupo. Akanitazama. Akasema neno kwa lugha yao, akaonyesha nyumba, akajionyesha yeye. Nikatikisa kichwa. Mimi nilikuwa namjua mwenye nyumba: mrefu, nywele za mahindi. Huyu hakufika begani kwangu. Na Johannesburg nimeona mengi. Kuna mzee mmoja mwenye heshima za kiaskofu aliyeingia kwenye uwanja wetu akiegemea mkongojo, akatoka na redio ya watu. Kwa hiyo nikarudia, polepole na kwa sauti kubwa kama watu wanavyosema na viziwi, kwamba itabidi angoje hapa pamoja na mimi mpaka mwenyewe arudi.

Ajabu ni kwamba alikubali. Alinitazama kwa muda, akatazama kifurushi changu, akaketi. Akaweka samaki wake katikati yetu. Basi tukakaa, mimi na yeye, bega kwa bega, tukimngoja mwenye nyumba. Alinipa pipi ya mnanaa kutoka mfukoni. Nikaipokea. Nilimwona si mtu mbaya, na nilifikiri moyoni kwamba nitamsemea vizuri kwa mwenyewe akija.

Robo saa ikapita hivyo. Kisha akatafuta Kiingereza chake kidogo, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Johannesburg.

Aliacha kutafuna pipi. Akageuka mwili mzima, kwa sababu shingo peke yake haikugeuka, akanishika mkono wa sweta. Akataja jina la mume wangu. Alilitamka vibaya, akalikata katikati, lakini lilikuwa jina lake, lile la nyumbani, ambalo chamani hawakulitumia.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Niliinuka, nikasogea kutoka kwenye mlango wake, na sikujua niweke wapi mikono. Nilimwomba radhi kwa Kiingereza, nikaongeza ya Kiswahili, nikaongeza na ya Kizulu kwa kuwa Kiswahili hakikutosha. Yeye alikuwa akicheka bila sauti, mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka. Sikujua yale ya kicheko yaliishia wapi na yale mengine yalianzia wapi.

"Yuko hapa?" aliuliza. "Hapa, leo?"

Nikamwambia yuko mjini, anamtafuta yeye. Na palepale nikaona nilichokifanya. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Yule aliyetafutwa nilikuwa naye, na mtafutaji nimemwachia aondoke kwa hasira bila kujua ameelekea wapi. Tukienda kumtafuta tungepishana naye. Tukikaa pengine angekwenda moja kwa moja melini. Miaka ishirini na minne, halafu mimi nimekaa juu ya ngazi nalinda vijiko.

Mama yule alikata shauri kwa ajili yetu wote. Aliingia ndani akabandika kahawa. Alisema kwa kuonyesha zaidi ya kusema kwamba mtu akipotea katika mji ule hurudi mahali alipoanzia. Nikavua viatu pasipo kuambiwa, tabia ambayo kwetu tunayo, na nikaona ameliona jambo hilo.

Jikoni kwake, macho yangu yakiwa kwenye saa ya ukutani, alinieleza habari ambayo mume wangu hajawahi kuijua. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini niliielewa yote. Alijua kwamba kijana ataondoka. Mtu wa kamati iliyowasaidia wanafunzi alimnong'oneza usiku wa kuamkia siku hiyo. Basi akakata mkate, akaweka jibini, akaufunga kwenye karatasi, akautia mfuko mmoja wa lile koti. Mfuko wa pili akatia glavu. Akalitundika koti mlangoni mahali pa kuonekana. Asubuhi alikuwa macho kitandani. Alimsikia akishuka. Kwenye ngazi za ndani kuna kidaraja cha nne kinacholia kikikanyagwa, na kijana alikiruka, ndipo alipojua kwamba amekifanyia mazoezi. Hakutoka chumbani, kwa sababu aliona kwamba akitoka kijana hataweza kwenda. Mlango ulipofungwa akaja kutazama, na koti lilikuwa palepale, mkate ndani.

Alinyanyua mikono akaishusha mezani. Hakuumia kwamba hakuagwa, alisema. Aliumia kwamba mtoto alitoka kwenye baridi ile bila koti, na akawaza miaka mingi kama alifika.

Nilimshika mkono. Nilitaka kumwambia kwamba alifika, na kwamba ana kitambi, na kwamba anakoroma. Nikamwambia yote hayo. Alifurahi sana kusikia habari za kitambi.

Saa tisa kasoro dakika kumi tukasikia hatua nje. Mume wangu aliingia bila kugonga, uso umemtoka jasho, akiniita. Alikuwa na maneno tayari mdomoni. Alisema ametoka makaburini, amesoma kila jiwe, safu kwa safu, na hakuliona jina, basi yu hai, au basi wamemzika pengine. Ndiko alikokwenda, moja kwa moja, bila kumuuliza mtu hata mmoja. Ndipo alipomwona nani amekaa upande wa pili wa meza.

Mama hakuinuka. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka chini, na akasema neno moja. Mume wangu akajitazama miguu. Akarudi nje, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, akavua viatu.

Aliporudi na soksi alipiga goti moja karibu na kiti chake akaanza kusema. Hotuba ile niliijua ingawa sikuijua lugha, ndiyo ile aliyokuwa akiitunga kwenye sitaha. Ilimvunjikia katikati. Akaianza upya, ikamvunjikia palepale. Mama alimwekea kiganja kichwani, penye upara, akasema maneno machache. Baadaye nilimuuliza aliambiwa nini. Aliambiwa, "Nilikusikia. Ulikiruka cha nne."

Kuhusu koti sikumwachia aambiwe na mwingine. Nilimwambia mimi, kwa Kiswahili, haraka, kwa sababu muda haukuwapo na nilitaka apate mahali pa kulilia akiwa bado pale. Akalia kweli. Mama akamsukumia bakuli la samaki wa jana akamwamuru ale, na kabla hajaonja akamtajisha chumvi, uma, bakuli. Nikatandika kitambaa changu mezani, kikawa kifupi kwa upande mmoja, akasema ni kizuri, nikajua ni muungwana. Nilikuwa nimejaa furaha.

Meli ikapiga honi ya kwanza. Mume wangu akasimama, akafungua mdomo ili aage, na nikaona kwamba hawezi. Alikuwa amesafiri mpaka mwisho wa dunia kwa ajili ya neno moja na lilikuwa limemkwama.

Mama akamwonyesha mlangoni. Akamwambia achukue viatu vyake. Kisha akamwonyesha ngazi za ndani, zile za mbao, akasema jambo ambalo lilimfanya mume wangu anigeukie kwanza mimi, kama anayeomba ruhusa.

"Anasema nipande chumbani kwangu," aliniambia, "nivae viatu huko huko juu. Halafu nishuke kwa kishindo. Anasema safari hii anataka kusikia."

Akapanda. Tukamsikia juu ya vichwa vyetu akihangaika na kamba za viatu. Mama alifumba macho, kidole chake juu ya kitambaa changu. Kisha zikaanza, hatua za mtu mzima mwenye kilo tisini na viatu vya ngozi, nyumba nzima ikatikisika, vikombe vikalia kabatini, na kwa kila hatua mama aligonga meza kwa kidole. Juu ya kile cha nne alikanyaga kwa miguu yote miwili. Kikalia. Alipofika chini alisimama mlangoni akaaga kwa lugha ya mama yule, kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mwingine ng'ambo ya mto, na neno lilitoka zima.

Mama akafumbua macho. Akamjibu kwa neno hilohilo, kwa sauti ya kawaida kabisa, na akamkumbusha kufunga mlango.